Uzi: Ukichaa wa jela, mtu huingia nao au anaupatia humo humo?

#1 Fundi Cherehani

Wakuu, habari za jioni. Naenda moja kwa moja.

Mdogo wangu katoka gerezani mwezi wa pili. Kesi ya mauaji, ile isiyo na dhamana. Miaka mitatu na miezi minne rumande: kila siku 14 anapakiwa karandinga, anasimama kizimbani dakika mbili, anasikia "upelelezi bado haujakamilika", anapakiwa tena. Mwisho wa yote upande wa mashtaka ukasema hauna nia ya kuendelea na kesi, akaachiwa pale pale mahakamani na kandambili zake. Tuelewane hapo: hajawahi kuwa mfungwa hata siku moja. Alikuwa mahabusu tu.

Alipoingia alikuwa fundi pikipiki, mcheshi, Yanga mpaka anaudhi. Huyu aliyerudi simjui. Usiku ukizima taa anakaa kitako hadi uiwashe. Saa kumi alfajiri keshaamka, kachuchumaa ukutani, mikono juu ya magoti. Siku ya kwanza nilimuuliza unasubiri nini, akanijibu "hesabu", yaani ile ya kuhesabiwa rumande. Akitaka kwenda chooni anasimama mlangoni anamtazama mtu usoni mpaka aambiwe nenda. Mama alimpikia pilau la kumpokea, kala nusu. Nusu ya pili tumeikuta siku ya tatu kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro, imeshavunda.

Shangazi anasema kuna mkono wa mtu. Jirani anasema bangi. Mimi nasema jela imemharibu. Sasa kuna rafiki yangu askari magereza kaniambia: "Wengi wanaingia wakiwa wabovu tayari, nyie wa nyumbani ndio hamkuona." Hilo ndilo linaninyima usingizi. Hebu tujadili.

#2 Kiatu Kimoja

Nimeweka kambi. Karanga ninazo, chai yuko anayeleta?

#3 Mtumishi wa Shambani

Pole mleta mada. Mimi nimehudumu magerezani kwa injili miaka tisa. Kuta zile zimeona mambo. Watu wamefia mle, wengine wamenyongwa, damu haijalipwa, unalala juu ya kilio cha mtu usiyemjua. Mtu asiye na ulinzi anaingiliwa. Mpelekeni kwenye maombi ya kufunguliwa kabla hamjaanza vidonge, maana vidonge vinalaza mwili tu.

#4 Nesi wa Zamu

Mtumishi, maombi hakuna aliyeyakataza, na nakubali mnaenda kule ambako wengi wetu hatuendi. Ila usiwaambie watu waache dawa. Nimepokea wagonjwa walioambiwa hivyo wakaja wamefungwa kamba.

Fundi Cherehani, kwanza tutenganishe mambo, maana watu wakisema "ukichaa wa jela" wanachanganya mchele na chuya. Mwaka 2012 kuna watafiti walijumlisha tafiti za nchi 24, wafungwa 33,588 kwa jumla. Wenye ugonjwa mkubwa wa kupotewa na uhalisia, wa kusikia sauti na kuona watu wanaomfuata, walikuwa kama wanne katika kila mia. Wenye sonona kali, ile huzuni nzito isiyoisha, walikuwa kumi katika mia kwa wanaume na kumi na nne kwa wanawake. Maana yake ni kwamba kwa kila mmoja anayepiga kelele kuna wawili watatu wamejikunyata kimya na hakuna anayewaona. Hapo sijaweka uraibu, kiwewe, kukosa usingizi, wala kifafa, ambacho kwetu kinatibiwa kliniki hiyo hiyo ya akili.

Kuchuchumaa saa kumi si ukichaa. Kafanya hivyo asubuhi zaidi ya elfu moja mfululizo, mwili umekariri. Kuficha chakula ni hivyo hivyo. La taa ndilo ningelifuatilia. Anaota? Anashtuka mlango ukibamizwa? Ameshataja kutaka kufa? Hilo la mwisho muulize waziwazi, kumuuliza hakumpandikizii wazo.

#5 Funguo Kumi

Nimestaafu. Nimevaa sare ya magereza miaka 27 na nimeshika funguo katika mikoa minne, nitasema ninachokijua.

Mfungwa anayepiga kelele usiku hakuwahi kunitisha. Anatukana, anagonga mlango, asubuhi anakunywa uji anaenda shamba. Niliyekuwa namwogopa ni yule anayeanza kugawa vitu. Leo kampa mwenzake sabuni, kesho kandambili, keshokutwa maharage yake. Huyo usiku namwambia nyampara, mfungwa kiongozi wa chumba, amlaze katikati, watu wawili wa kuaminika kulia na kushoto, na wasilale wote kwa pamoja. Siku mbaya si katikati ya kifungo kama mnavyodhani. Ni wiki ile ya kwanza, na jioni ile mtu anarudi kutoka mahakamani na miaka yake mkononi.

Enzi naanza kazi hakuna aliyetufundisha neno sonona. Tulikuwa na maneno mawili tu: "mjeuri" na "kadata". Mjeuri anakwenda selo ya peke yake, aliyedata anaandikiwa daktari. Nikikaa sasa kibarazani kwangu nawahesabu, nadhani tuliwapeleka wengi selo ya peke yao kwa jina lisilo lao.

Ila rafiki yako askari hajadanganya. Polisi wanaokota mtu sokoni anaongea na mbuzi, kaiba mhogo, hana ndugu wa kumdhamini. Analetwa kwetu. Tufanyeje, tumrudishe sokoni?

#6 Kiatu Kimoja

Funguo Kumi kasema: *watu wawili wa kuaminika kulia na kushoto*

Mzee wangu, waaminifu jela uliwatoa wapi? Hahaha. Mikoa minne yote hiyo ulikuwa upande wa funguo au upande wa kufuli?

#7 Funguo Kumi

Mjukuu wangu, waaminifu niliowaona kule ni wengi kuliko ninaowaona kwenye vikao vya harusi.

#8 Wakili wa Kijiweni

Niongeze la sheria, maana hapa ndipo watu wanapoozea gerezani.

Mshtakiwa akionekana akili haiko sawa wakati wa tukio, mahakama inaweza kuamuru apelekwe hospitali ya akili achunguzwe. Ni kifungu cha 220 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kwa namba nilizosomea mimi. Ripoti iwe tayari ndani ya siku 42. Kwa vitendo wanapelekwa Isanga, Dodoma, sehemu ya hospitali ya akili ya Mirembe iliyotengwa kwa watu wa kesi. Kwenye karatasi ni siku 42. Mimi nilikuwa na mteja, kijana wa miaka 22, alikaa gerezani mwaka na nusu akisubiri kwenda tu. Alipofika akapata sindano na vidonge, akili ikarudi, ndipo akauliza "babu yuko wapi?" Babu ndiye marehemu wa kesi yenyewe. Nilitoka nje nikavuta hewa.

Na ikithibitika alitenda akiwa mgonjwa, hatoki kesho yake. Mahakama inasema alitenda lakini kwa sababu ya wazimu hana hatia, kisha anashikiliwa akitibiwa. Ndugu wengi wanasikia "hana hatia" wanakodi Noah kwenda kumchukua. Wanarudi na Noah tupu.

#9 Pwani Si Kenya Peke Yake

Salaam kutoka Mombasa. Wakili, huku kwetu ni kinyume. Jaji anasema una hatia ila u mwendawazimu, kisha unawekwa kwa ridhaa ya Rais. Rais hajui hata kama upo! Watu wamezeekea huko. Majaji kadhaa wa Mahakama Kuu wamesema mambo haya hayafai, kwamba mtu hawezi kufungwa bila kujua mwisho wake na tena mwamuzi awe mwanasiasa.

Anayezidi anapelekwa Mathare pale Nairobi, wana wodi ya ulinzi mkali.

#10 Jirani wa Eastleigh

Mathari. Mathare ni mtaa, Mathari ndiyo hospitali. Watu wa Mathare wamechoka kuitwa wendawazimu kwa sababu ya herufi moja.

#11 Pwani Si Kenya Peke Yake

Nimerekebishwa, asante. Sisi wa Mombasa Nairobi yote twaiona wazimu, herufi hatuziangalii sana.

#12 Bei ya Jumla

Mimi nitakuwa mbaya kidogo. Nimekaa ndani miezi kumi na moja kwa kesi ya fedha, wa kujifanya nimewaona kwa macho yangu. Mtu ana kesi ya unyang'anyi wa kutumia silaha, miaka thelathini inamsubiri, ghafla anaanza kula sabuni. Wenzake wanamcheka usiku, mchana mbele ya daktari anaulizwa mbili ongeza mbili anajibu tano. Mbona hajibu "mbuzi"? Kichaa gani anakosea kwa moja tu?

#13 Nesi wa Zamu

Umegusa jambo lenye jina, Bei ya Jumla. Mwaka 1898 daktari wa Kijerumani aitwaye Sigbert Ganser aliandika kuhusu wafungwa waliokuwa wakijibu hivyo hivyo: ng'ombe ana miguu mingapi, mitano. Jibu liko jirani na ukweli, kwa hiyo swali kalielewa. Tangu siku hiyo madaktari wanabishana kama ni kujifanya, au ni akili inayokimbia yenyewe mwenye nayo asijue. Hadi leo hawajapatana.

Nikuulize na mimi: mtu anayekula sabuni ili atoke mahali, huyo ni mzima?

#14 Bei ya Jumla

Hapo umenibana. Ila sabuni yenyewe ilikuwa yangu.

#15 Mwana Falsafa wa Mbagala

Tatizo mnaangalia mtu, hamuangalii jengo. Marekani mwaka 1971 walichukua wafungwa wakawagawa, nusu askari nusu wafungwa, ndani ya wiki wote wakawa wamechanganyikiwa. Jengo ndilo linaloumba tabia. Uzi ufungwe.

#16 Mzigo wa Chicago

Usiufunge bado. Unasema habari ya Stanford, na hawakuwa wafungwa. Walikuwa wanafunzi wa chuo waliojitolea kwa posho. Walipanga wiki mbili wakasitisha baada ya siku sita, na baadaye ikajulikana kwamba "askari" walielekezwa wawe wakali. Wengi siku hizi hawaiamini kama ushahidi.

Niwaambie ya huku niliko. Jela ya kaunti hapa Chicago, Cook County, inatajwa miongoni mwa sehemu kubwa kabisa za kuhudumia wagonjwa wa akili Marekani. Jela, si hospitali. Mwaka 2015 walimpa mwanasaikolojia, Nneka Jones Tapia, kuiongoza. Hospitali kubwa za akili zilipofungwa, watu waliahidiwa huduma mitaani, huduma haikuja, polisi wakaja. Kuna Mwingereza, Lionel Penrose, alishaandika mwaka 1939 kwamba nchi zenye vitanda vichache vya wagonjwa wa akili zina wafungwa wengi. Wapo wanaompinga, wanasema vyote viwili vinaweza kupanda kwa pamoja. Mimi naendesha basi la jiji, nawaona wakitoka pale asubuhi na mfuko wa plastiki, jioni wawili watatu washarudishwa.

Kwa hiyo mimi nasimama na askari rafiki wa mleta mada. Wengi wanaingia nao.

#17 Mama Wawili

Ngoja na mimi niseme, ingawa nilijiapiza nisiseme mtandaoni.

Nilikaa miezi minane. Kazi za ndani, dhahabu ya bosi ikapotea, nikawa mimi. Nilikuwa nanyonyesha, nikaingia na mtoto. Hapo juu mmesema wanawake kumi na nne katika mia. Siwezi kupinga hesabu, ila kwenye chumba chetu ningesema tisini.

Siku ya kutembelewa, upande wa wanaume foleni ya kina mama na wake zao inapinda kona, vyungu, vikapu, watoto mgongoni. Upande wetu utahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mwanaume akifungwa mke anasubiri. Mwanamke akifungwa mume anasikia kwa watu. Kulikuwa na dada mmoja, kila siku ya kutembelewa anasuka nywele, anakaa karibu na mlango. Miezi minane yote sikusikia jina lake likiitwa. Baadaye akaacha kusuka. Baadaye akaacha kuoga. Nyampara akamwita mchafu, akachapwa kwa uchafu. Sasa wataalamu niambieni, huyo aliingia nao au aliupatia mle?

Mimi mwenyewe nimetoka miaka sita iliyopita. Funguo zikilia popote, hata za bodaboda, maziwa yanachoma. Mtoto yuko darasa la pili, maziwa hakuna, ila yanachoma.

#18 Mtumishi wa Shambani

Pole sana dada yangu. Hapo sina neno.

#19 Kisiwa Changu

Mama Wawili, Mungu akupe faraja.

Sisi Unguja hatuna jela, tuna Chuo cha Mafunzo, na ukifungwa waitwa mwanafunzi. Marehemu babu yangu alikuwa akisema yeye kasoma chuo kikuu cha Kilimani, akatoka na shahada ya kutolala. Alikuwa halali kweli. Usiku kucha akitembea ukumbini hatua saba kwenda, saba kurudi, na ukumbi wetu una hatua kumi na tano. Sie watoto tukidhani ndio ibada.

#20 Mzee wa Kitengo

Mnazunguka mbuyu. Bangi na unga, basi. Asilimia kubwa ya vijana wanaokamatwa vichwa vyao viliharibika zamani.

#21 Zamani Teja

Mzee wa Kitengo, asilimia yako umeipima wapi? Mimi ndiye huyo kijana.

Nilikamatwa Kinondoni nikiwa kwenye methadoni. Kwa wasiojua: ni dawa ya kuachia unga, ya kunywa kila siku mbele ya mhudumu, Muhimbili walianza 2011. Ukiikosa siku mbili unaanza kulia machozi bila kulia. Polisi sikueleweka, nikapelekwa rumande, arosto, yale mateso ya kukosa dawa, ikanikutia humo. Nilitapika, nikajinyea, nikaona nyoka kwenye paa. Watu mia na kitu chumba kimoja, tunalala ubavu, mmoja akigeuka mstari mzima unageuka, na mimi siwezi kutulia. Nilipigwa na wenzangu wala si askari, na siwalaumu, nao walitaka kulala. Siku ya nne wakasema nina majini. Siku ya tisa nikapona, majini yakaondoka yenyewe bila ubani.

Sasa daktari angekuja siku ya nne angeniandika kichaa, na karatasi ingenifuata hadi leo.

#22 Bwana Afya Mstaafu

Zamani Teja kanipa mlango. Mnasahau mwili. Kabla hujasema akili, pima. Malaria ikipanda kichwani mtu anaongea upuuzi. Kaswende iliyozeeka inakula ubongo. Kipigo cha kichwa siku ya kukamatwa kinaweza kuonekana wiki kadhaa baadaye. Kifua kikuu kinapenda msongamano, na moja ya dawa zake, isoniazidi, inaweza kuharibu mishipa ya fahamu, na kwa baadhi ya watu kuvuruga akili; ndiyo maana inaambatana na vitamini B6.

Na chakula. Mtu akila mahindi siku zote bila kitoweo cha maana anaweza kukosa vitamini B3, akapata pelagra: ngozi inababuka shingoni na mikononi kama kaungua jua, anaharisha, kisha anachanganyikiwa. Maharage yanasaidia, kama yamo kwenye sahani na si mchuzi wake tu. Nilimwona mmoja hivyo, si gerezani, ilikuwa kambi ya wakimbizi. Walikuwa wameshamfunga kwenye mti. Vidonge vya wiki chache, yule bwana akarudi kufundisha hesabu.

#23 Kiatu Kimoja

Kwa hiyo mdogo wake mleta mada ana majini, bangi, jengo, mahindi na Ganser. Chai imeisha, naomba nyingine.

#24 Wakili wa Kijiweni

Kiatu, cheka tu, ila umesahau kubwa kuliko yote: kusubiri.

Nendeni kwa waliohukumiwa kunyongwa, kondemu. Tanzania hajanyongwa mtu tangu miaka ya 90. Hayati Magufuli alisema wazi mwaka 2017, siku ya kumwapisha Jaji Mkuu, kwamba hatasaini. Lakini hukumu zinaendelea kutolewa. Mtu anaishi miaka na kifo kisichokuja na kisichoondoka. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa ya kule London, Baraza la Faragha, katika kesi ya Pratt na Morgan wa Jamaika, ilisema ukimweka mtu zaidi ya miaka mitano akisubiri kitanzi, kusubiri kwenyewe ni ukatili. Uganda mwaka 2009, kesi ya Susan Kigula, wakashuka hadi miaka mitatu. Mahakama ya Afrika pale Arusha, Novemba 2019, iligusa upande mwingine: ilisema sheria yetu ya kumlazimisha jaji atoe adhabu ya kifo inavunja haki ya uhai.

Mdogo wake Fundi hakusubiri kitanzi, ila "upelelezi haujakamilika" mara themanini na kitu ni ndugu yake kitanzi. Mfungwa wa miaka mitano anakata siku ukutani. Mahabusu anakata nini?

#25 Pwani Si Kenya Peke Yake

Kweli kabisa. Agosti 2009 Kibaki aliwabadilishia zaidi ya watu elfu nne kutoka adhabu ya kifo kwenda kifungo cha maisha, na sababu mojawapo aliyoitoa ni hiyo hiyo, mateso ya akili ya kukaa muda mrefu wakisubiri.

Tena kuna hili: mtu akijaribu kujiua humo, anaongezewa kesi! Huku Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba kifungu cha 226, kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba.

#26 Wakili wa Kijiweni

Kwetu ni kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, kwa namba nilizosomea. Kipo.

#27 Mwana Falsafa wa Mbagala

Nimekubali kuhusu Stanford, nilisoma kwenye kijitabu. Ila jengo nalishikilia. Mzee Funguo hapo juu kasema selo ya peke yake. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa, 2015, zinasema kumtenga mtu zaidi ya siku 15 mfululizo ni marufuku. Kama jengo halina kitu, hiyo 15 ilitoka wapi?

#28 Funguo Kumi

Mbagala, nakupa hiyo. Niliwahi kumfungulia mmoja baada ya wiki tatu. Hakutoka. Mlango wazi, kakaa. Nikamwambia toka, akasema "afande, funga, upepo". Hakukuwa na upepo.

Na sisi tunaofunga nani alituuliza? Nyumba za askari ziko ndani ya ua wa gereza, kengele inapigwa mnaisikia wote. Mke wangu hadi leo akichelewa sokoni naanza kuhesabu watoto. Wamebaki wawili nyumbani, nahesabu.

#29 Fundi Cherehani

Nimerudi, samahani kwa kimya. Nimesoma yote, mengine mara mbili. Mama Wawili, nimemsomea mama yangu maneno yako, kakuombea.

Tulimpeleka kliniki ya akili hospitali ya mkoa. Kapimwa malaria, kaswende, kifua kikuu, vyote salama. Daktari akamuuliza "unalala?" akajibu "nikiruhusiwa". Kasema ana kiwewe na sonona, kampa vidonge na kurudi kila wiki mbili. Kusikia kila wiki mbili, mdogo wangu akaniangalia. Siku 14. Nimeomba wabadilishe iwe kila Jumatano ya tatu, yule dada wa mapokezi kaniona mimi ndiye mgonjwa.

Sasa kuna jambo sikuliandika mwanzo. Kama mwezi kabla hajakamatwa aliacha kufungua banda. Wateja wanakuja, pikipiki zimepangwa, yeye yuko ndani kalala na viatu. Nilidhani anakwepa deni, nikamtukana. Halafu likaja la kukamatwa, hilo likasahaulika. Limenirudia juzi nikisoma uzi huu.

Kwa hiyo sijui. Taa tumeiacha inawaka. Na mama kaanzisha kitu: saa kumi alfajiri anaamka, anapita pale ukutani, anasema "hesabu imetimia". Dogo anarudi kitandani, analala mpaka saa mbili.

#30 Nesi wa Zamu

Fundi, nafurahi mmefika kliniki. Ila hilo la mama, taratibu. Kwa sasa linamtuliza, lakini mnamletea gereza nyumbani. Mwulizeni daktari, mpange namna ya kulipunguza.

#31 Mama Wawili

Dada Nesi, mwache mama ahesabu. Mimi ningepata mtu wa kuniambia imetimia, hata mara moja.

#32 Bei ya Jumla

Nipo na Nesi hapa. Mama akisafiri itakuwaje?

#33 Funguo Kumi

Akisafiri atampigia simu. Saa kumi niko macho, hata mimi anaweza kunipigia.

#34 Kiatu Kimoja

Fundi, mwambie dogo Yanga wanacheza Jumamosi. Akiuliza ruhusa ya kutazama, usimpe, mpe rimoti.